Moshi Kwenye Asali

Nilitoka Arua kabla muadhini hajasafisha koo,
chupa sita za asali nimezivika kitenge
kama watoto wenye homa,
na kadi hamsini, wino ungali unanuka.
Mpiga chapa wa karibu na stendi aliniapia:
"Dada, zigawe hizi, Kampala yote itakupigia."

Karuma, nyani wamekaa kando ya lami
wanakagua mabasi.
Hawaombi, hawasalimu,
wanatazama tu dirisha lipi lina ndizi.
Nikacheka peke yangu.
Sikujua kuwa kongamano limeshaanza.

Hoteli ya Kololo, sakafu inang'aa
hata unaona haya kuikanyaga sura yako.
Binti wa mapokezi akanivisha utepe shingoni,
beji ikaning'inia:
CANDY RU, MASOKO.
Nikamwambia, ni Candiru, neno moja.
Akaitazama foleni nyuma yangu, akatabasamu:
"Lakini hivi ni vitamu zaidi."

Candiru.
Kwetu jina hilo halipakwi sukari.
Mama alinizaa ukimbizini, upande wa Kongo,
akaniita shida
kwa kuwa shida ndiye mgeni pekee aliyekuja kumpa hongera.
Leo, kwa kosa la mashine,
nimekuwa peremende.

Ukumbini baridi ya kutengenezwa.
Mzungumzaji mkuu anatembea huku na huko
kama mtu aliyepoteza ufunguo:
mteja hanunui kitu, anasema, ananunua hadithi.
Wote wakaandika. Nami nikaandika,
nimelipa laki tatu,
sirudi nyumbani na daftari jeupe.

Saa ya chai ndipo kazi ilipoiva.
Kujenga mtandao, ndivyo wanavyoita.
Macho hushuka kwanza kifuani, yakasoma kampuni,
kisha yakapanda usoni,
kama kuna haja ya kupanda.
Ssebuggwawo wa matangazo ya redio
alinipa mkono wake, si uso wake;
uso ulikuwa unamtafuta mtu nyuma ya bega langu.
Tumuhairwe wa benki aliipokea kadi yangu vizuri,
akaisifu karatasi,
akachokolea nayo nyama ya sambusa.

Nami si malaika.
Kulikuwa na kijana wa Soroti, Ekwaru,
karanga za kusaga kwenye vikopo visivyo na nembo,
kadi yake ameishika kwa mikono miwili
kama anayeleta maji kwa mkwe.
Nilimwona anakuja.
Nikajifanya napokea simu.

Usiku, ndani ya basi, nikahesabu mavuno:
kadi thelathini na moja, chupa moja iliyofunguliwa.
Ya thelathini na mbili ilikuwa imebanwa chini ya kifuniko,
nyuma yake kalamu ya risasi:
"Dada Candy, nimeonja. Asali yako ina moshi.
Ni kasoro, au ndiyo sifa?"

Mara tatu nimewaambia wafugaji wetu wa Terego
wapunguze nyasi mbichi wanapofukiza mizinga,
wanunuzi wananung'unika.
Mara tatu wameniitikia vizuri
na kufukiza vilevile.
Miaka sita nauza asali hii
nikiomba radhi kwa ladha yake.
Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Daraja la Pakwach. Mto mweusi chini,
askari anamulika tochi, viti kwa viti.
Nikaandika: Ni sifa. Nikafuta.
Nikaandika: Ndivyo inavyopatikana, bila moshi nyuki hawatoki.
Hilo nikaliacha.
Nikaongeza: Naitwa Candiru, neno moja.
Niwie radhi ile saa ya chai, hakuna aliyenipigia.
Karanga zako unauza bei gani?

Nikabonyeza.
Mtandao hakuna.
Ujumbe umekwama na kialama chake cha saa,
basi linapanda kuelekea Nebbi,
jirani yangu anakoroma,
na mimi simu nimeishika
kwa mikono miwili.